Uzi: Wilhelmine Schröder-Devrient, soprano wa Kijerumani aliyetoka kwenye maigizo akaitikisa opera

SautiYaElbe

Wakuu, habari za jioni.

Niliahidi kule kwenye uzi wa kwaya kwamba nitamleta huyu mama hapa. Leo sina zamu, kwa hiyo vuteni viti.

Kwa wasionifahamu: naishi Dresden, Ujerumani, huu mwaka wa nne. Kazi yangu uuguzi, na tangu nyumbani naimba soprano kwenye kwaya ya kanisa. Karibu na ninakofanyia kazi kuna makaburi ya zamani yanaitwa Trinitatisfriedhof. Nikitoka zamu ya usiku napenda kupita humo kabla sijapanda tramu, kumetulia na miti imeshonana. Nilijua kwamba mchoraji Caspar David Friedrich amezikwa humo. Sikujua kwamba yumo pia mwimbaji Wilhelmine Schröder-Devrient. Siku niliyolijua hilo nilirudi nyumbani sikulala, nikaanza kusoma habari zake.

Mtunzi Beethoven alimpigapiga shavuni kwa furaha. Mtunzi Weber alimwongoza jukwaani. Mshairi Goethe alimbusu paji la uso. Mtunzi Schumann alimtunukia mojawapo ya kazi zake bora. Mtunzi Wagner alimwandikia nafasi tatu katika opera zake. Hawa wote ni kwa mtu mmoja, na yeye hakuwa na sauti bora ya zama zake. Hilo nalisema mapema ili wa kubisha wajiandae. Henriette Sontag, aliyezaliwa mwaka mmoja na ushee baada yake, alikuwa na koo safi na jepesi kuliko la kwake. Wilhelmine alikuwa mwigizaji kwanza, uimbaji ukafuata, na naamini ndiyo maana jina lake halikufutika.

Nashusha kidogo kidogo.

SautiYaElbe

Alizaliwa Hamburg tarehe 6 Desemba 1804. Baba yake, Friedrich Schröder, alikuwa baritoni, mwimbaji wa sauti ya kati ya kiume. Lakini aliyekuwa habari ya mjini ni mama, Sophie Schröder. Huyo alikuwa malkia wa tanzia katika miji yote iliyozungumza Kijerumani. Mwaka 1813, katika vurugu za vita vya Napoleon, mama huyu alijionyesha wazi kuwa upande wa waliowapinga Wafaransa, na Wafaransa walipoushika tena mji ikambidi aondoke Hamburg. Familia ikaangukia Vienna. Kumbukeni hilo, tutalirudia tukifika 1849.

Binti alianzia kwenye baleti ya watoto. Alipofika miaka 15 hivi akapandishwa jukwaa la Burgtheater, nyumba kuu ya tamthilia Vienna, na alipandishwa kuigiza. Alikuwa Aricia katika Phèdre ya Racine, tafsiri ya Schiller. Akawa Ofelia wa Shakespeare. Akawa Luise wa Schiller. Mwalimu wake wa nyumbani ni yule yule mama, mtu aliyejua neno moja likitamkwa vibaya linaua onyesho zima.

Kisha tarehe 20 Januari 1821, akiwa na miaka 16, akaimba Pamina katika Die Zauberflöte ya Mozart kwenye ukumbi wa Kärntnertortheater. Ukumbi huo haupo tena, leo mahali pake pamesimama hoteli ya Sacher. Machi 1822 akaimba Agathe katika Der Freischütz, Weber mwenyewe akiongoza okestra.

KijanaWaChumbageni

Nimekaa safu ya mbele kabisa dada. Swali la haraka: kuigiza kunamsaidiaje? Opera si kuimba mwanzo mpaka mwisho?

SautiYaElbe

Swali zuri, kaka. Ya Kiitaliano ndivyo ilivyokuwa, kuimba mwanzo mwisho. Ya Kijerumani ya wakati ule ilikuwa na mazungumzo kabisa katikati ya nyimbo. Die Zauberflöte, Der Freischütz, Fidelio, zote watu wanaimba, wanasimama, wanaongea kama kwenye mchezo wa kuigiza, halafu wanaimba tena. Mwenye koo la dhahabu asiyejua kuongea jukwaani alikuwa anaanguka kila muziki ukinyamaza. Wilhelmine ndipo alipokuwa anawashinda.

MwalimuSolfa

Hapo nakubali. Hata kwenye kwaya zetu, mwimbaji anayesoma neno la shairi kabla ya noti utamjua tu. Endelea na Fidelio, ndiko unakoelekea.

SautiYaElbe

Ndiko, mwalimu.

Fidelio ni opera pekee ya Beethoven. Ilianza 1805 ikadoda, akaifanyia kazi mpaka 1814 ikapata sura tunayoijua. Leonore ni mke ambaye mumewe, Florestan, amefungwa gerezani kwa sababu za kisiasa. Anavaa nguo za kiume, anajiita Fidelio, anaomba kazi kwa mlinzi wa gereza ili amfikie mumewe. Inafika mahali anashuka shimoni na mlinzi kuchimba kaburi la mfungwa, bila kuwa na hakika kwamba mfungwa huyo ni mume wake.

Novemba 1822 iliamuliwa Fidelio irudishwe Vienna. Leonore akapewa Wilhelmine, miaka 17. Beethoven aliomba aongoze mwenyewe.

Alikuwa kiziwi. Kwenye mazoezi ya mwisho alisimama mbele ya okestra akipunga mikono kwa nguvu, macho yakimwaka, na hasikii wanachopiga. Waimbaji wanakwenda huku, okestra kule. Walipofika kwenye wimbo wa watu wawili, mambo yakavurugika. Wakaanza upya, yakavurugika tena. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Schindler, msaidizi wake, anasimulia kwamba alimwandikia kikaratasi kumwomba asiendelee, atamweleza nyumbani. Beethoven akaruka chini, akatoka mbio mpaka nyumbani, akajitupa kwenye kochi, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Usiku wa onyesho, tarehe 3 Novemba, Umlauf ndiye aliyeongoza. Beethoven aliketi nyuma yake, amejizungushia joho zito, na Wilhelmine alikumbuka maisha yake yote yale macho mawili tu yaliyokuwa yanawaka juu ya joho, yakimfuata yeye.

Sasa mfikirieni msichana huyu. Anasema mwenyewe kwamba mama yake alikuwa amemfungulia mambo mengi ya moyo wa Leonore, lakini bado alijiona mdogo mno kubeba jambo lile. Kadiri onyesho lilivyosonga, hofu ikapanda. Wakafika shimoni. Pizarro, gavana wa gereza, anachomoa kisu amuue Florestan. Leonore anajitupa katikati na kuimba kwamba amuue kwanza mke wake. Anachomoa bastola. Mikono ya binti inatetemeka kweli, miguu inakwisha nguvu. Nje ya jukwaa tarumbeta inalia, maana yake waziri amewasili, mume amepona. Hapo mwili wake ukaachia. Akajishika kichwa, akatoa ukelele ambao Beethoven hakuuandika, hauna noti wala kipimo.

Ukumbi ukalipuka. Watu walidhani ni ufundi.

Baadaye Beethoven akamkuta, akamshukuru akicheka, akampigapiga shavuni na kumwahidi kumwandikia opera nyingine. Opera hiyo haikuandikwa kamwe. Ila ule ukelele Wilhelmine aliushika. Kila alipoimba Leonore miaka iliyofuata, mahali pale pale, aliutoa.

BintiMvita

Nimesisimka mwili mzima. Nasoma hii nikiwa Mombasa, mvua inanyesha, na nimemwona yule mtoto ameshika bastola.

Dada nina swali. Leonore anavaa kiume. Ilikuwa kawaida kweli, mwanamke wa miaka ile kuvaa suruali mbele ya watu?

SautiYaElbe

Kwenye opera ndiyo, dada yangu. Nafasi za vijana wa kiume mara nyingi zilipewa wanawake kwa sababu ya sauti. Na ukitazama, nafasi zake kubwa nyingi zimevaa suruali: Leonore, kisha Romeo wa Bellini, mtunzi wa Kiitaliano, katika I Capuleti e i Montecchi, kisha Adriano katika Rienzi ya Wagner. Huyo Romeo tutamfikia, maana ndiye aliyemkamata Wagner.

SautiYaElbe

Mwaka 1823 akahamia hapa Dresden, opera ya mfalme wa Saksonia, akakaa nayo mpaka 1847. Mwaka huo huo wa 1823 akaolewa na mwigizaji Karl Devrient, ndiyo asili ya jina refu. Ndoa ilivunjika 1828. Jina alilibakiza, kwa kuwa ndilo lililokuwa limejulikana.

Jambo moja ambalo watu hulisahau: alipofika Dresden alijua kwamba koo lake halijafundishwa vya kutosha. Mtu ameshapigiwa makofi na Vienna nzima, na bado anakwenda kukaa chini ya mwalimu wa kwaya ya opera, mzee Johann Aloys Miksch, kujifunza pumzi upya. Mimi hilo linanifundisha kuliko makofi.

Aprili 1830, akiwa safarini kwenda Paris, akapitia Weimar kwa Goethe. Mzee alikuwa na miaka 80. Wilhelmine akamwimbia Erlkönig, shairi la Goethe mwenyewe katika muziki wa Schubert. Mwaka 1816 marafiki wa Schubert walimtumia Goethe nyimbo za mashairi yake, huu ukiwemo, hakujibu kitu. Kumbe ni wimbo wenye watu wanne ndani ya kinywa kimoja: msimulizi, baba anayekimbiza farasi usiku, mtoto mgonjwa mikononi mwake, na jini anayembembeleza mtoto amfuate. Mwimbaji asiyeigiza hukupa sauti moja kwa wote wanne. Huyu aliyecheza Ofelia akiwa binti mdogo alimpa kila mmoja uso wake. Goethe akakiri kwamba aliwahi kuusikia wimbo huo na haukumgusa, lakini ukiimbwa namna hii unakuwa picha unayoiona. Akambusu paji la uso. Schubert alikuwa amekufa mwaka mmoja na nusu nyuma.

Kutoka hapo Paris, Mei 1830, na kundi la Kijerumani. Mwaka 1832 London, King's Theatre, ambako Fidelio ilionyeshwa Uingereza kwa mara ya kwanza na yeye ndiye Leonore.

MwalimuSolfa

Sasa niruhusu nibishe kidogo, kwa heshima.

Nimefundisha kwaya miaka mingi. Huyu mama, kwa nilivyosoma, alikuwa na tabia ya kuacha kuimba na kutamka neno. Kuna mahali kwenye Fidelio, hapo penye bastola, Leonore anamwambia Pizarro: toa sauti moja zaidi, umekufa. Neno la mwisho kwa Kijerumani ni "tot". Mtunzi ameweka noti, yeye alilitamka kwa sauti kavu. Berlioz, mtunzi wa Kifaransa, alimlaumu waziwazi kwa mtindo huo. Na mimi namwelewa Berlioz. Mtunzi akiandika noti, noti ile ina sababu. Kijana wangu kwenye kwaya akianza kutamka mahali pa kuimba kwa kuwa amejaa hisia, wenzake wote wanapotea.

PaziaJekundu

Mwalimu shikamoo. Mimi nimesomea sanaa za maonyesho Bagamoyo, acha nimtetee.

Sikio likishazoea wimbo kwa saa nzima linalala kwenye wimbo. Neno moja kavu likidondoka hapo, mtazamaji anaamka kama kamwagiwa maji. Anakumbuka kwamba hii ni bastola, na kuna mtu atakufa. Lakini silaha hiyo unaitumia mara moja tu kwa usiku mmoja. Ukiitumia mara tano imekwisha makali. Nadhani Berlioz aliikuta ikiwa imeshatumika mara nyingi.

MwalimuSolfa

Marahaba kijana. Hiyo ya "mara moja kwa usiku" naichukua. Bado nasimama na noti, lakini naichukua.

SautiYaElbe

Mnavyobishana ndivyo walivyobishana wao. Wagner alikuwa upande wa PaziaJekundu. Aliandika kwamba lile "tot" lilimtia mshtuko kana kwamba ametupwa ghafla kutoka ulimwengu wa ndoto na kuingia kwenye uhalisia mtupu. Na mwaka 1872, miaka 12 baada ya Wilhelmine kufa, aliandika insha juu ya waigizaji na waimbaji, akaitunuku kwa kumbukumbu yake. Humo anasema watu walimuuliza sana kama sauti ya Wilhelmine ilikuwa nzuri kweli. Alichojibu ni kwamba hakuwa na sauti kabisa kwa maana yao, bali alijua kutumia pumzi mpaka hufikirii tena habari ya sauti.

Nikienda upande wa mwalimu, lazima niseme pia gharama. Koo lilichakaa mapema. Katika miaka ya 1840 wengi walikuwa wameshaisikia sauti ikipasuka juu. Mimi naimba soprano, najua koo la mtu anayelia kweli linavyokaza. Ukilia kweli jukwaani usiku baada ya usiku, ukapiga ukelele usio na noti kila Fidelio, mwili unakudai.

KijanaWaChumbageni

Na huyo Wagner ndiyo alianzia wapi kwake?

SautiYaElbe

Hapo pana utata, nawapa ulivyo. Kwenye kumbukumbu zake Wagner anasema alimwona katika Fidelio mjini Leipzig mwaka 1829, akiwa kijana wa miaka 16. Anasema aliandika barua fupi kwamba kuanzia siku hiyo maisha yake yamepata maana, akaiacha alikofikia Wilhelmine, akatoka mbio barabarani kama mwendawazimu. Na kwamba walipokutana miaka mingi baadaye, Wilhelmine aliikariri barua ile neno kwa neno. Watafiti wametafuta ushahidi wa onyesho hilo la Leipzig mwaka huo, hawakuupata. Lisilo na shaka ni Machi 1834, Leipzig, alipomwona akiwa Romeo wa Bellini. Muziki wenyewe Wagner aliudharau, na hapo ndipo alipochanganyikiwa: inakuwaje muziki mwepesi namna ile unitoe machozi? Alijibu mwenyewe kwamba ni yule mwanamke.

Ndipo akamwandikia. Rienzi, 20 Oktoba 1842, hapa Dresden: Adriano. Onyesho lilianza saa 12 jioni, likaisha karibu usiku wa manane, na watu hawakuondoka. Der fliegende Holländer, 2 Januari 1843: Senta. Hiyo ya pili ndiyo aliyoibeba yeye. Tannhäuser, 19 Oktoba 1845: Venus. Nafasi ya Elisabeth, yule binti safi, alipewa Johanna Wagner, mtoto aliyelelewa na kaka yake Wagner, ambaye hajatimiza hata miaka 20. Wilhelmine alikuwa anaelekea 41 na aliliona hilo kwa macho yake. Iliwatia ufa. Aliwahi pia kumkopesha Wagner taala 1,000, fedha ya Kijerumani ya wakati ule, na deni hilo likaja kufika kwa mwanasheria.

Ukumbi wenyewe uliungua 1869. Uliojengwa badala yake ulibomolewa kwa mabomu Februari 1945, ukafunguliwa tena tarehe 13 Februari 1985, na opera ya kufungulia ilikuwa Der Freischütz. Ile ya Agathe.

BintiMvita

Na mwisho wake? Ulisema tutarudi 1849.

SautiYaElbe

Ndiyo. Jukwaa la opera aliliacha 1847. Mwaka huo aliolewa na ofisa wa jeshi, von Döring, ndoa iliyommaliza mali na ikavunjika mwaka uliofuata.

Mei 1849 watu wa Dresden waliinuka dhidi ya mfalme. Wagner alikuwemo, Gottfried Semper aliyejenga ukumbi wa opera alikuwemo. Askari walipowafyatulia watu risasi karibu na ghala la silaha, Wilhelmine alionekana dirishani akiwapigia watu kelele walipize kisasi. Miaka 36 baada ya mama yake kukimbia Hamburg. Wagner na Semper walitoroka nchi. Yeye aliandamwa na mashtaka.

Mwaka 1850 aliolewa na bwana mmoja wa Livonia, von Bock, akahamia huko Baltiki, chini ya Urusi. Hakuweza kukaa. Katika miaka yake ya mwisho alirudi Ujerumani akaanza kuimba tena, safari hii nyimbo za piano kwenye matamasha, bila mavazi wala pazia. Schumann alikuwa amemtunukia Dichterliebe, nyimbo 16 za mashairi ya Heine, zilizochapishwa 1844. Sauti ikiwa imekwisha nusu, watu walikwenda kumsikia akisema maneno.

Alifariki Coburg tarehe 26 Januari 1860, miaka 55. Akaletwa Dresden kuzikwa. Baada ya kifo chake kilichapishwa kitabu cha aibu kikidaiwa ni kumbukumbu zake. Si chake, na inauma kwamba bado kuna wanaomjua kwa hicho tu.

Hakuna rekodi yake hata moja. Mashine ya kurekodi sauti ya Edison ilikuja 1877.

PaziaJekundu

Dada, nimeitafuta Fidelio usiku huu, naisikiliza sehemu ya shimoni. Ukelele wake ulikaa wapi hasa? Nataka nisimamishe hapo.

SautiYaElbe

Fuata hivi. Kwanza utawasikia Leonore na mlinzi wakiongea taratibu juu ya okestra, hawaimbi, wanalalamikia baridi ya shimo. Kisha wanachimba. Kisha Pizarro anaingia, wanne wanaimba pamoja kwa hasira. Leonore atapanda juu kabisa kwenye "Töt' erst sein Weib". Utasikia tarumbeta kwa mbali, wote wananyamaza. Itapigwa tena, karibu zaidi. Pizarro anaondoka. Kabla mume na mke hawajaanza ule wimbo wao wa furaha, O namenlose Freude, kuna mwanya mfupi wa maneno makavu. Ni hapo.

PaziaJekundu

Nimepata. Nimerudisha mara tatu. Ya tatu nimezima taa.